Kumbukumbu ya Fundi Kasiani Nzunda, Aliyeuliza "Angepata Nini?"

Mwaka umetimia, Baba Lusubilo, tangu ulipotutoka tarehe 9 Juni 2008, na mpaka leo televisheni ikiwashwa nyumbani tunasubiri ubishi wako.

Ulikuwa na mdomo wewe! Kila Jumapili baada ya ibada, kibanda chako cha kutengeneza redio pale Tunduma kilijaa majirani waliokuja kutazama tamthilia ya mpelelezi kwenye stesheni ya Zambia. Wewe ndiye uliyetutafsiria Kiingereza, ila hukuweza kutafsiri bila kugomba. "Eti kamuua jirani yake kwa sababu ya maua ya bustani! Si angeyang'oa tu, yakaisha?" Mpelelezi akiwaita washukiwa wote sebuleni, ndiyo kabisa: "Loo! Muuaji naye kaja, kakaa, kaomba chai! Angekuwa wa hapa, saa hizi si yuko Nakonde, ng'ambo ya mpaka?" Mkeo Atuganile alikusihi, "Baba Lusubilo, hebu tuache tuone mwisho." Wapi! Swali lako lilikuwa lile lile kila Jumapili: huyu muuaji angepata nini?

Tulikucheka sana. Hatukujua kwamba swali hilo lingemwokoa mtu wa nyumbani.

Mdogo wako Raphaeli alipofariki ghafla baada ya chakula cha jioni, mwaka 2005, kaka yenu mkubwa Danford aliita kikao cha ukoo huko Mbozi. Akasema Ruti, mke wa marehemu, amemtilia mumewe dawa ya wadudu wa kahawa ili abaki na shamba. Akataka afukuzwe, watoto awaache. Ruti alikuwa amekaa kwenye mkeka, hata kulia hawezi. Sisi wengine, tuseme kweli, tuliinamisha vichwa.

Wewe ukasimama. "Kaka, kwa mila yetu mjane harithi shamba. Mume akifa, shamba linarudi kwenye ukoo, yaani kwako wewe mkubwa. Sasa Ruti amuue mumewe ili akose hata pa kuchuma mboga? Angepata nini?"

Wazee wakakohoa. Danford akaketi. Ruti akabaki na wanawe pale pale. Lakini maneno yakishatoka, yametoka: tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo aliyekula chakula kutoka mkononi mwake.

Figo zilipokuzidi na tukakurudisha Mbozi, ulisema Ruti ndiye akupikie. Tuliogopa, Mungu atusamehe. Danford alileta uji kutoka kwake, ukaurudisha kwa upole: "Nimezoea wa shemeji." Miezi mitatu alikupikia, akakufulia, akakugeuza kitandani, na Danford akija kila siku kukaa kwenye kiti kando yako, anaona. Daktari alikuwa ametuambia mapema kwamba hakuna la kufanya. Hata hivyo ulipokata roho wote tulimgeukia Danford, tukingoja amshtaki tena, na Ruti akaingia ndani kufunga nguo zake.

Danford hakumshtaki, na Ruti akabaki mpaka siku ya kumaliza matanga. Chakula kilipoiva, Danford alinawa mikono mbele ya watu wote, akamwita Ruti, "Mama Yudita, nipakulie wewe. Nilikukosea." Ruti akapakua. Kaka yako alikula, machozi yakimtoka, akaongezewa, akala tena. Nasi tukaenda kunawa.

Wanaokukumbuka ni mkeo Atuganile, wanao Lusubilo na Blessing, kaka yako Danford, ambaye ameomba tuandike haya yote bila kuficha, shemeji yako Ruti na binti yake Yudita, pamoja na majirani wa Tunduma.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika Jumamosi hii saa nne asubuhi, nyumbani kwa Danford, Mbozi. Ndugu na marafiki wote, karibuni chakula. Mpishi ni Ruti.

Hatutakusahau, Baba Lusubilo, siku zote za maisha yetu.