Maji Yaliyoondoka Bila Pampu

Kaka Masanja,

Maji yameondoka tena kwenye duara lako, lile shimo la dhahabu. Hakuna aliyewasha pampu. Mhoja, mchimbaji mwenzako, alipita pale asubuhi moja, akatupa jiwe kama anavyofanya kila akipita, akasikia limepiga tope badala ya maji. Akaja kumwambia Mayu. Nadhani mpaka leo anajuta.

Mayu alikuwa anaosha mchele. Aliuacha kwenye sufuria, akajifunga kanga kiunoni, akasema, "Sasa mtanitolea mwanangu."

Tangu siku uliyofunikwa humo chini, Mayu amekataa kuondoka Mwakitolyo. Ndugu zetu wa Kagongwa walikuja kutuchukua, wakakaa matanga yasiyo na kaburi, wakarudi bila sisi. Hajanyoa nywele, maana hujazikwa. Anasema mama hamwachi mtoto porini. Na mimi nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne nilikuja huku huku, maana hawezi kuachwa peke yake. Nalala kwenye kibanda chako cha turubai. Dunia yangu sasa ni kibanda, mafiga, na njia ya kwenda kwenye duara. Gari la Kahama likipiga honi barabarani nainamisha kichwa, nisimwone anayepanda.

Nataka nikueleze nilichofanya. Watu wengine nikiongea wananiambia nipaze sauti. Wewe ulikuwa unasogea karibu.

Unakumbuka ulivyokuwa unanilipia ada halafu likizo unasema, "Haya, nionjeshe nilichokununulia." Nikakuonjesha mito, nikakuonjesha volkano, lakini lililokukaa ni lile somo la tsunami. Ulibisha. Ulisema mawimbi ni kazi ya upepo, umeyaona Mwanza kwa macho yako, mtoto wa shule asikudanganye. Nikachukua beseni la plastiki la Mayu, nikalijaza maji, nikakupa ulipakate, kisha nikalipiga ngumi kwa chini. Maji yakapanda katikati, yakakimbilia kingo zote, yakakumwagikia suruali ya kanisani. Nikakuuliza, "Upepo uko wapi?" Ulicheka mpaka Mayu akatoka nje kuangalia.

Nikakueleza kwamba chini ya bahari kuna mabamba makubwa ya miamba, moja linajisukuma chini ya jingine. Yanang'ang'aniana miaka na miaka, yanajikunja, halafu siku moja yanaachia. Sakafu ya bahari inaruka. Inapanda na maji yote yaliyo juu yake, kutoka chini kabisa mpaka usoni, siyo yale ya juu tu ambayo upepo huyachezea. Huko kwenye kina wimbi linakimbia kama ndege, lakini ni fupi kwa kimo, mtu aliye melini halioni. Likifika maji haba karibu na pwani, la mbele linapunguza mwendo na la nyuma bado linakuja. Hapo wewe ndiye uliyenifundisha. Ulisema, "Kama ng'ombe kwenye mlango wa zizi. Wa mbele amesita, wa nyuma wanampanda mgongoni." Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza vizuri hivyo.

Ukataka kujua habari za watu. Nikakwambia wimbi likipita, visima vyao vinaingia chumvi na mashamba hayaoti, na mtu anaweza kusimama juu ya kiwanja chake asijue kuwa ni chake. Ukauliza, "Sasa wanakunywa nini?" Wewe na maji. Nikakwambia kuwa mahali pengine bahari huondoka kwanza. Inarudi nyuma, samaki wanabaki wanarukaruka kwenye mchanga, na watu wanashuka na vikapu. Ukasema, "Wajinga hao." Nikakwambia kuwa ikija haiji mara moja. Waliookoka wimbi la kwanza wanashuka tena kutafuta watoto wao, na la pili linawakuta huko huko.

Hapo hukusema wajinga. Ulikamua suruali yako, halafu ukasema, "Hao siyo wajinga, Kabula. Hata mimi ningerudi."

Neno hilo nalala nalo mpaka leo.

Siku yako mimi nilikuwa shuleni. Mhoja ndiye aliyenisimulia. Majirani walilipua baruti, ardhi ikatikisika, na yale maji mliyokuwa mnahangaika kuyavuta kwa pampu yakazama yenyewe. Mkapiga makofi. Ukasema utatangulia. Kumbe maji yalikuwa yamehamia tu kwenye shimo la zamani la pembeni, na ukuta wa katikati ulikuwa umelegea. Yalirudi na tope lake. Mhoja alikuwa bado kwenye kamba karibu na juu, wakamvuta. Nimejiuliza mara nyingi kama uliikumbuka bahari. Sidhani. Nani wa Mwakitolyo anaikumbuka bahari?

Basi safari hii Mayu akawakusanya wenzako washuke wakutoe. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba, wakaendelea kupima kamba. Nikasema maji hayajaisha, yamejificha nyuma ya ukuta, hata bahari hufanya hivyo. Sauti ilitoka ndogo. Mmoja akasema, "Bahari iko Dar, mwalimu. Hapa tuna madimbwi." Wakacheka, siyo kwa ubaya. Mhoja hakucheka. Alikuwa anajifunga kamba kiunoni, kwa sababu Mayu alikuwa anamtazama. Tangu atoke mwenyewe bila wewe, hawezi kumtazama Mayu usoni.

Kaka, unaijua sheria ya huku. Mwanamke hakai kwenye mdomo wa duara. Wanasema dhahabu inakimbia na atakayeshuka hatapanda. Mimi siamini. Lakini wao wanaamini. Nikatembea mbele yao wote, mimi ambaye darasani nilishindwa hata kuomba ruhusa ya kutoka, nikakaa pale, miguu ikining'inia ndani.

Mzee mmoja akasema, "Huyu binti ameliua duara." Mhoja akafungua kamba. Niliona mikono yake ilivyokuwa inaharakisha.

Mayu akasema mbele ya watu, "Unamzuia kaka yako asizikwe."

Nililia lakini sikuinuka.

Tangu siku hiyo nakaa pale kutwa, maana wamemwita mganga aje alisafishe duara, na siku atakayolisafisha watashuka. Na maji hayajarudi. Hilo ndilo linaloniumiza. Chini kuna tope tu, limetulia, linaanza kupasuka kwa jua, na mimi nimeshapewa jina, naitwa Mama Bahari. Kila siku kavu inanishitaki. Sasa nawaelewa wale wa pwani waliokimbilia mlimani, wakakaa kutwa wanatazama maji yaliyotulia, wakaanza kuona aibu, mmoja akashuka. Nami nimetamani kushuka. Nilitaka tu nikukute, basi.

Leo alasiri Mayu amekuja. Hajaniongelesha siku zote hizi, chakula ananiwekea na kugeuka. Amesimama nyuma yangu, akasema, "Sogea." Nikasogea. Akakaa naye, miguu ndani. Mzee yule alituona akageuza njia.

Akatazama chini sana. Halafu akauliza, "Hao mama zako wa baharini. Wale waliobaki mlimani, ambao hawakushuka. Walikuwa wanafanya nini huko juu?"

Kitabu hakikusema. Nikamjibu nilivyofikiri mwenyewe: "Walikuwa wamewashika watoto waliobaki."

Kisha akanishika mkono, kwa nguvu, akaniumiza, na hakuniachia. Kwa mkono mwingine akachota udongo wa kifusi, akauangusha ndani. Tulisikia ukifika. Akasema, "Lala, ng'wana wane, mwanangu." Amesema kwa sauti ya kumlaza mtoto.

Amemwita Mhoja, amemwambia walete sepetu. Kesho asubuhi wanafukia. Kila mtu atatupa udongo wake kwanza, kama makaburini, na baada ya hapo Mayu atanyoa.

Sijui kama tutaondoka hapa. Hajasema, na mimi sijamuuliza. Lakini najua utalala salama, mlango umefungwa, na sisi tuko upande wa juu.

Kwa heri, kaka yangu. Ulisema wewe ungerudi. Mimi nakuahidi sitarudi, wala sitamwacha Mayu arudi, wala Mhoja, wala mtu yeyote anayekupenda. Usituite. Ukisikia miguu juu yako, ni sisi, tunapita.

Mdogo wako,
Kabula