Mkunazi wa Nyuma ya Jiko

Pujini, Pemba

Mdogo wangu Rahila,

Assalaam alaykum. Tangu tumzike mama simu zangu hupokei, basi karatasi hii nampa Bi Nahla, anakuja huko Maskati kwa mwanawe.

Bustani ya mama naitilia maji. Mchaichai umeshamiri mpaka unaziba njia ya kisimani. Jana jirani yetu Bi Mwatima kaja kutaka kivumbasi cha kumfukiza mjukuu wake ana homa. Alipiga hodi akaita jina la mama, kwa mazoea. Nilimchumia huku tunalia sote wawili.

Uchungu wako naujua. Mara ya mwisho tuliposema, siku ya maziko, ulisema tungekungoja, ati hukupata hata kumtilia mama maji ya mwisho. Maiti hangoji ndege, Rahila, nawe wajua.

Lakini nikwambie moja. Ule mkunazi ulioupanda nyuma ya jiko ungali mtoto, mimi nilitaka ukatwe. Miba yake imenichania kanga ngapi! Mama alikataa katakata, na waliokuja kuomba majani yake ya dawa aliwarudisha. Akisema, "Huu wa Rahila una kazi yake."

Asubuhi ile ya maziko wanawake waliokuja kumkosha mama waliuliza majani ya mkunazi ya kutia katika maji. Nikaenda nyuma ya jiko, nikayachuma, nikayatwanga kwa mkono wangu. Mama kakoshwa kwa mti wako, tangu kichwani mpaka nyayoni.

Basi pokea simu.

Dada yako,
Asya