Jiwe la Tatu Kutoka Mlangoni

Kijijini, 9 Oktoba 1974

Dada Nevena,

Shikamoo. Mimi mzima, ila magoti, na hayo yaliacha kunisikiliza zamani. Kifua chako kimetulia huko mjini?

Sasa sikia. Todorka, jirani yangu mjane, anatandikiwa mawe bapa kutoka getini hadi mlangoni, asikanyage tope tena. Anayetandika ni nani? Spas! Yule aliyekuwa mpeleka barua, ambaye jiwe pekee alilolijua maishani ni la kumtupia mbwa. Mimi, niliyefanya uashi miaka arobaini, nimeegemea ua kama mbuzi. Eti Spas anapiga kodiani. Eti ana meno.

Analaza mawe juu ya udongo mtupu, dada! Hachimbi, hamwagi kokoto. Nikamwambia, "Mikono ya dhahabu hiyo, Spas!" Akachekelea. Ngoja baridi ije, ardhi igande ifure. Itayatema mawe yale kama kokwa za plamu.

Na kwa uhakika zaidi, nimempima kivuli kwa uzi, kama walivyofanya waashi wa kale, nikauzika chini ya jiwe lake. Mwenye kivuli hamalizi siku arobaini.

Mdogo wako, Rangel

Mjini, 20 Oktoba

Rangel,

Marahaba. Kifua kilikuwa hakijambo hadi nilipofungua barua yako. Mtu wa miaka sabini na moja, bado unapima watu vivuli? Toa uzi huo leo hii! Na uwaambie habari ya kokoto, maana jiwe likiinuka halichagui wa kumwangusha.

Wala usijifanye umeporwa. Todorka alinieleza kuwa alikuomba wewe kwanza, Pasaka ya juzi. Ukamjibu, "Kesho, nikimaliza hii bilauri." Bilauri gani hiyo isiyokauka?

Dada yako, Nevena

Kijijini, 25 Novemba

Dada,

Shikamoo, na pole kwa baridi.

Uzi sikuutoa. Siku ya thelathini na saba Spas akaanza kukohoa. Kumbe nina roho ya kuku! Nikakimbia na asali na pombe ya plamu ya moto, nikakaa naye hadi homa ikashuka.

Sasa amenona. Todorka humpelekea supu, eti "maskini aliugua." Mimi nikikohoa, anafunga dirisha.

Mdogo wako, Rangel

Kijijini, 2 Aprili 1975

Dada,

Shikamoo. Theluji imeyeyuka, nami bado napumua.

Mawe yameinuka yote, mengine yamesimama kwa ubavu. Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Lakini aliyeanguka ni Todorka, akateguka mkono. Na chini ya jiwe pale pale, uzi mwekundu.

Akauokota. "Rangel, hii si sufu ya soksi nilizokufumia?"

Nikaficha miguu nyuma ya ndoo.

"Na uliona Spas hamwagi kokoto?"

Nikavua kofia.

"Chukua sululu, mzee mwovu wewe."

Nimechimba hadi magotini. Nikashindilia kokoto, nikamwaga mchanga, nikaweka mwinamo wa maji. Spas alibeba ndoo, akiniita "fundi." Sijawahi kulaza mawe vizuri namna ile, baridi itavunjika meno.

Jiwe moja tu, la tatu kutoka mlangoni, nimeliacha linacheza, kwa makusudi. Ukilikanyaga, kok! Nalisikia nikiwa kwangu. Spas akiingia, kok. Akitoka, kok. Lazima mtu ajue ya jirani yake.

Jana jioni lililia mara moja.

Sasa jua limefika juu ya paa, kahawa yangu imepoa, na bado nasubiri kok ya pili.

Mdogo wako, Rangel