Maji Kwanza, Salamu Baadaye

Baba Mwanaidi,

Nakuandikia nimeketi kwenye benchi nje ya chumba cha mahututi, kwa kuwa humo ndani nikikuita huitiki. Na wewe ulikuwa mtu wa kuitika hata mdomo umejaa ugali.

Wakumbuka neno lako? Ukirudi nyumbani Utange kutoka sokoni Kongowea, shati limekauka chumvi kwa kubeba magunia, hata hodi hupigi vizuri. "Maji kwanza, Mama Mwanaidi, salamu baadaye." Nakutekea mtungini, kata ya kwanza waimaliza bila kupumua, ya pili wajimwagia kichwani, mtoto kicheko. "Nimeolewa na mtu au ngamia?" nilikuuliza. Ukasema, "Ngamia gani anyweshwa na mke mzuri hivi?"

Tangu uteleze juu ya lori la viazi ukaangukia kichwa, ubongo umevimba, na maji ndiyo yamekuwa mtihani. Nilipoiona dripu yako yadondoka tone moja moja, nilidhani wauguzi wakunyima maji. Mamako hakuweza kunyamaza. "Sista, mwanangu ana kiu. Mtieni glukosi apate nguvu." Tena alikuja na kombe la sheikh kwenye chupa, ile dua ya zafarani iliyooshwa kwa maji, akitaka lipitishwe kwenye mpira wa puani.

Muuguzi hakumkemea. "Shikamoo, mama. Ile sukari mwili huitumia, yakabaki maji matupu. Hayo huingia kwenye ubongo, ukazidi kuvimba, na fuvu halitanuki. Ndiyo maana twampa ya chumvi, tena kwa kipimo."

"Basi yakateni kabisa!"

"Tukiyakata, presha yashuka, ubongo wakosa damu. Hilo nalo ni hatari."

Mamako akaikumbatia chupa yake. "Kwa hivyo maji yamuua, na kiu yamuua?"

Muuguzi akairudia dripu, akahesabu matone.

Wallahi, mimi nimezoea kukupenda kwa kata ya maji. Sasa napewa kipande cha pamba kilicholowa, nakupangusa midomo iliyopasuka, basi. Jana ulimi wako ulisogea kuifuata pamba. Nikaita kwa sauti. Muuguzi akaja, akasema huenda ni mwili tu, nisiweke moyo sana. Mimi nimeuweka wote.

Leo daktari amesema uvimbe haujapungua. Wauguzi wapima mkojo wako, wapima chumvi ya damu, kisha wageuza kile kigurudumu cha dripu kidogo tu, kama mtu atiaye chumvi kwenye chakula cha mgonjwa. Hakuniahidi kitu. Nyumbani Mwanaidi ameweka kikombe chake cha plastiki kando ya mtungi, asema ni cha baba. Sijakiondoa. Mamako naye ameifungia chupa yake kabatini. "Atakunywa kwa mkono wake," asema.

Nakuacha kwa Mola, na kwa hawa wanaokupimia matone. Inshallah ukifumbua macho, usinisalimie, wala usiniulize mtoto hajambo. Omba maji. Nitajua umerudi.

Mkeo akungojaye mlangoni,
Mama Mwanaidi