Bega la Baba Yake

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimedanganya ukumbi mzima — na wameandika!

Chuo cha sanaa kimetualika wasanii watatu, wiki nzima, tuzungumze na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mada: jinsi kazi inavyozaliwa. Mimi wa rangi, Mcheza Dansi, na mzee mmoja Mpiga Besi ambaye havui miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Meza mbele, chupa za maji, maikrofoni moja ya kupokezana. Mpiga Besi akaanza. Akasema yeye hutunga akiosha vyombo, hasa sufuria kubwa. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kumbe ndilo jibu lake lote. Mcheza Dansi akasema huanza kwa kujiangusha. Anaanguka, anaanguka, mpaka mwili unachoka kuogopa, hapo ndipo dansi inaanza. Maneno matamu hayo! Nikaona wivu.

Zamu yangu. Binti mmoja wa mstari wa mbele: mwalimu, wewe picha unaianzaje? Nimechora maisha yangu yote na swali hilo sijawahi kujiuliza. Nikasema: huanza na kivuli. Kivuli kwanza, mwanga baadaye. Nani kasema? Mimi huyu? Kalamu zote zikainama kwa pamoja.

Nimerudi nyumbani nikazitazama picha zangu ukutani, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja niliyoianza na kivuli. Basi nilizianza na nini? Hilo nalo silijui!

Baba Watoto anasema nile kwanza.

Jumanne, 5 Machi

Nimejaribu kuanza na kivuli. Takataka tupu.

Nikajaribu kuanza kama nilivyozoea — sasa nilivyozoea ndivyo vipi? Nimeishia kuosha brashi na kuzipanga kwa urefu. Mtu mzima na akili zangu.

Alhamisi, 7 Machi

Niandike polepole.

Studio ya wanafunzi iko ghorofa ya juu, madirisha makubwa yasiyofunguka, harufu ya rangi na soksi. Mwalimu wao alitupitisha kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Ni mwanamume mpole, tai imelegea, anayesema naam, naam, kabla hujamaliza sentensi. Tukiwa kwenye ngazi akatueleza mtihani wao wa Jumatatu. Mwanafunzi anasimama peke yake na picha yake mbele ya watahini. Wao wananyoosha kidole popote wanapotaka: hapa ulifikaje? Asipoweza kueleza, hata picha iwe nzuri vipi, amefeli. Nikashukuru Mungu nilimaliza shule zamani.

Tukafika kwa binti yuleyule wa mstari wa mbele. Wenzake wanamwita Kimya, na jina limemkaa. Kamchora baba yake amelala kwenye kiti, hajavua hata nguo za kazi. Baba anabeba magunia ghalani. Jamani, picha ile! Vidole, viatu, kidevu kilichoangukia kifuani — vyote viko hai. Isipokuwa bega la kulia. Bega lilikuwa limekufa. Lilikuwa la mtu mwingine kabisa, karani fulani aliyesinzia ofisini.

Mcheza Dansi naye akaliona. Akaanza kunieleza hapohapo kwa bega lake mwenyewe: mtu akilala kwa kuchoka, bega haliteremki tu, linakuja mbele, hivi, unaona? Naona, nikasema, hivi? Na mkononi nina brashi. Brashi ya Kimya! Nilikuwa nimeiokota mezani wakati wa maongezi, maana sijui kuongea mikono mitupu. Na kibao chake cha rangi kilikuwa kibichi, na brashi ilikuwa imeshachovywa. Nilichovya saa ngapi?

Mkono ukanitangulia. Mpigo mmoja tu, kijivu chenye ukijani kwa mbali, kutoka shingoni kuja chini.

Bega likaamka. Au niseme likalala? Baba wa watu akawa amechoka kweli.

Studio nzima ikanigeukia. Hata mtoto wa mwaka wa kwanza anajua: kazi ya mtu haiguswi! Unaonyesha pembeni, kwenye karatasi, hewani, kwenye suruali yako ukitaka. Mimi nimegusa picha ya mtihani. Nilitamani sakafu inimeze. Kimya akaitazama picha, akanitazama mimi, akasema: asante, mwalimu.

Afadhali angenitukana. Na rangi yenyewe ni ile inayokauka upesi. Nilipomaliza kuomba radhi, ilikuwa imeshakauka. Mwalimu wao alikuwa koridoni na simu, hakuona kitu. Nimeona aibu kama mwizi.

Ijumaa, 8 Machi

Nilimwahi Kimya kabla wenzake hawajafika. Nikamwambia apake juu, arudishe bega lake, nami nitanunua rangi. Akasema alishajaribu. Kachanganya rangi, kainua brashi, kashindwa.

Kwa nini?

Kwa sababu baba yake alipita jana kumchukua. Akasimama mbele ya picha. Kisha akajishika bega, akasema: hapahapa ndipo panaponiuma, mwanangu, umejuaje?

Sasa mwalimu, nipake juu ya hilo? Kimya aliniuliza hivyo, bila hasira.

Nikamwambia basi aseme ukweli, kwamba ni mkono wangu. Akanieleza: picha yenye mkono wa mtu mwingine inatolewa kwenye mtihani, na mwenye picha anarudia mwaka. Nikasema nitakwenda mwenyewe kwa mwalimu, nibebe lawama. Akasema usiende. Sauti ileile ndogo. Hawatakurudisha wewe darasani, akasema, watanirudisha mimi. Nataka jambo moja tu: unieleze ulivyofanya. Nikielewa, litakuwa langu.

Litakuwa lake? Inawezekana? Kichwani naona ndiyo, tumboni naona hapana. Nikifika kituo cha basi vimebadilishana.

Nilikubali lakini. Nikavuta pumzi, nikakohoa kidogo kama msomi, nikasema: huanza na kivuli...

Hapana, akasema. Hukuanza na kivuli. Nilikuwa nimesimama pale.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya mabega!

Kimya kaja nyumbani asubuhi. Chumba changu cha kazi ni nusu yangu, nusu ya Baba Watoto na friji anazotengeneza, kwa hiyo makadibodi tunayo tele. Nimechora bega kwenye kila kadibodi. Bega la askari. Bega la kuku. Bega la mtu anayekataa kununua kitu. Lile lenyewe halikuja. Kadiri nilivyotia bidii ndivyo lilivyozidi kuwa karani.

Tukampigia simu Mcheza Dansi. Kaja mwenyewe, muungwana kabisa, akakaa kwenye kiti ajifanye amelala — akalala kweli! Na kukoroma. Tukamwacha, tukamchora, hakuna kitu. Tukampigia Mpiga Besi. Akasema si nilishawaambia, osheni sufuria. Basi tukaosha sufuria, mimi na binti wa watu, za nyumba nzima, hata ile iliyoungua mwaka jana. Tukarudi kwenye kadibodi. Sufuria zimetakata, bega hakuna. Hapo Kimya akacheka mpaka akakaa sakafuni. Nilifurahi kumsikia. Nikakumbuka ni kwa nini yuko hapa, furaha ikaniishia.

Baada ya chai alianza kuniuliza yeye. Ulisimama kwa mguu gani? Ulikuwa umebana pumzi au umeiachia? Ulikuwa unamsikiliza Mcheza Dansi au umeacha kumsikiliza? Maswali ya daktari! Mengi sikujua. Na nikisema sijui, ananiambia yeye: mguu wa kushoto, mwalimu. Nilikuona.

Baba Watoto kapita na waya shingoni, kasikiliza, kasema amwambie tu mtahini ni bahati. Kimya akamjibu kwa adabu zote: shikamoo baba, lakini bahati haina alama. Baba Watoto akasema basi hata friji zake zote zimefeli. Akaenda zake akicheka.

Sasa nimebaki peke yangu na makadibodi. Najiuliza. Rangi ile ya kijivu kachanganya yeye. Brashi yake. Baba ni wake. Namna ya bega kaonyesha Mcheza Dansi. Mimi nilitoa nini? Mpigo mmoja, ambao siwezi kuurudia wala kuueleza. Basi ni wangu kwa lipi? Halafu natazama makadibodi ya Kimya — kachora manne — na bega lile halimo hata kwenye moja. Basi ni wake kwa lipi?

Jumapili, 10 Machi

Nimevaa viatu niende kwa mwalimu wao. Nimevua. Nimevaa tena, Baba Watoto akaniuliza kama ninaviuza.

Naogopa. Niandike, maana humu hasomi mtu. Asipoweza kueleza kesho, anarudia mwaka kwa sababu ya kiherehere changu, na baba yake anabeba magunia mwaka mwingine. Hilo linaniuma. Lakini akiweza? Akiweza kueleza kitu ambacho mimi mwenyewe siwezi, mimi nina nini tena? Hilo nalo linaniuma, na kwa kweli sijui lipi linaniuma zaidi. Nimejichukia kidogo leo.

Sijachora wiki nzima.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi koridoni, daftari magotini. Wametuita tutoe neno la kufunga baada ya mtihani. Mpiga Besi kaenda kutafuta chai. Mcheza Dansi ananyoosha goti ukutani mbele ya watu wote. Mlango wa chumba cha mtihani haufungi vizuri. Kila kitu kinasikika.

Kimya kaingia. Wakati anapita alinitazama — salamu? Onyo? Ombi? Ningekuwa nimemchora ningejua.

Wako watahini wawili, mama mmoja na bwana mmoja, na mwalimu na naam zake. Bwana kauliza kuhusu viatu. Kajibu vizuri, hata mimi nimejifunza. Wakauliza rangi ya ukuta. Kajibu. Nikaanza kupumua.

Mama mtahini sasa: na hapa, begani? Ulifikaje?

Nimesimama. Nimekaa.

Anasema. Sauti yake ndogo, lakini neno kwa neno. Anasema: nilikuwa nimechora bega la mtu anayepumzika, na baba yangu hapumziki hata akilala. Sikuliona hilo mpaka mtu aliponionyesha kwa mwili wake. Halafu mkono ulipita mara moja. Uzito ulikuwa mguu wa kushoto. Pumzi ilikuwa inatoka. Na macho hayakuwa kwenye bega kabisa, yalikuwa kwenye kidevu.

Kidevu!

Ndiyo! Nilikuwa natazama kidevu! Mungu wangu — ndivyo ninavyofanya. Nikichora mkono natazama kikombe. Nikichora mdomo natazama sikio. Miaka yote! Ndiyo maana makadibodi yalikataa, nilikuwa nalikodolea macho bega. Machozi yananitoka hapa kwenye benchi, na Mcheza Dansi ananiuliza kama nimefiwa.

Lakini ngoja. Kasema "mkono." Hakusema wa nani. Kasema kweli? Kadanganya? Kila neno ni la kweli na sijui jumla yake ni nini. Kaelewa, mimi sikuwa nimeelewa. Basi limeshakuwa lake? Niingie niseme? Niseme nini, kwamba anayeijua kazi si mwenye kazi?

Mama mtahini: vizuri sana, mwanangu. Sijasikia mtu akieleza hivyo. Basi tuonyeshe. Karatasi hii hapa, brashi hiyo hapo, tuchoree bega hilohilo.

Kiti kimesogezwa. Maji yamemiminwa kwenye kopo.

Mlango umefunguka. Mwalimu katoa kichwa, anatabasamu. Karibu dada, anasema, ingia ushuhudie, hii si ndiyo fani yako? Nyuma yake namwona Kimya. Kasimama, uzito mguu wa kushoto, brashi juu. Haitazami karatasi. Ananitazama mimi. Anafanya ninavyofanya, au ananiomba nimwokoe? Sijui. Wallahi sijui!

Nimemwambia mwalimu namalizia mstari huu kwanza. Naam, naam, kasema. Kaushika mlango, anasubiri. Wote wanasubiri. Bado namalizia