Kucha ya Baba

Dada yangu mpenzi,

Huku tu wazima, bati la jikoni limeacha kuvuja na paka kazaa kabatini. Nisamehe mwandiko, naandika haraka.

Unaijua ile kucha ya plastiki anayovaa Baba kwenye kidole gumba akipiga gitaa. Siku hizi haachi kulalamika kwamba inapwaya. Naibana mpaka inamchimba ngozi, bado ananiambia, "Inacheza hii, mwanangu, kaza!"

Leo nikaitia kwenye maji yanayochemka ilainike, niikunje upya. Nilipoiopoa tu, kabla haijapoa, akaichukua akaivaa, huku akiendelea kunisimulia habari za mpira. Dada, nilipiga yowe mimi! Yeye akaniuliza nimeumwa na nini. Nikaivua haraka, kidole kimeshatoka malengelenge.

Akakitazama kama cha mtu mwingine. "Usimwambie dada yako, atanijazia madaktari."

Nikamfunga kitambaa. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa: "Kwani wewe, nyayo zako huwa zinasikia baridi ya sakafu?"

Njoo, Dada. Njoo na hao madaktari.

Mdogo wako