Mume Wangu Alienda na Maji, Lakini Yuko Chwele

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana na naomba msaada wako, tena unijibu mapema, kwa sababu karamu ni Jumamosi na mimi sijui nitaingia pale kama nani.

Naishi Tuwan hapa Kitale lakini kwetu ni Bungoma, shule niliishia darasa la saba, na kanisani mimi ni Quaker tangu kuzaliwa. Kila Jumamosi napakia vyombo kwa bodaboda naenda kuuza chai na mandazi kando ya mto Nzoia, pale wanapokuja watu wa klabu ya wavuvi, na si wavuvi wa kuuza, ni wazee waliostaafu na watu wa ofisi, wanakuja na fimbo za bei, mtu anashinda kutwa akimvizia samaki mmoja, akimpata anampiga picha halafu anamrudisha kwa maji, nami nacheka nikiwamiminia chai, kwa sababu ni watu wazuri, na kila mwaka wanaandaa karamu ya kuchangia wenye shida.

Sasa mwaka jana mwenyekiti wao, nitamwita Mzee Hiram, aliniuliza akipuliza chai yake, "Mama Nabalayo, na mzee wako yuko wapi siku hizi?" Shangazi, mume wangu Absalom alitoka nyumbani akisema anaenda Bungoma kuangalia ng'ombe na hakurudi, na mimi nilikuwa nimechoka na hilo swali, nikamjibu vile watu husema kitu kikishapotea kabisa.

"Huyo alienda na maji."

Mzee Hiram akatoa kofia. "Woiye, pole mama. Na mlimtafuta?"

"Nilimtafuta mpaka Bungoma."

"Ngai! Mbali hivyo?"

"Nikaambiwa ameonekana Webuye, nikakimbia huko, kumbe si yeye."

"Kwa hivyo hamkumpata kabisa?"

"Nilichoka, nikamwachia Mungu."

Mzee akageuka akauangalia mto, hata chai hakumaliza, nami nikasema moyoni, huyu mzee ana roho nzuri, kumbe mwenzangu alikuwa anaangalia kaburi.

Tangu siku hiyo wakabadilika, wakanijengea kibanda cha mabati, Krismasi wakaniletea unga na sukari, mtu akipita hapo anainamisha kichwa, na mimi sikuelewa mpaka nilipomsikia mmoja akimwambia mgeni kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye yule mama ambaye bwanake alibebwa na Nzoia." Mdomo wangu ulifunguka niseme, halafu ukafunga wenyewe. Kwa sababu Shangazi, kule kanisani na hata hapa Tuwan, ukiachwa watu wanauliza ulimfanya nini, lakini ukifiwa wanakuletea kiti.

Na Absalom ni mzima. Yuko Chwele, anaishi na mwanamke mwingine, anauza kuku sokoni, na msichana wetu Nabalayo huongea naye kwa simu.

Sasa juzi Mzee Hiram ameniletea kadi ya karamu kwa mikono miwili, imeandikwa kwamba mwaka huu wanachangia daraja la miguu, pale watoto wa shule wanapovukia juu ya gogo, na chini yake imeandikwa "kwa kumbukumbu ya marehemu Absalom." Watu watasimama kimya, nitapewa ua, niseme maneno mawili matatu, na Nabalayo amepewa shairi asome mbele ya wageni, linaanza "Baba, maji yalikuchukua." Nilimwambia mtoto ajifunze tu, asiniletee maswali. Akaniangalia.

"Mathe, kama ni kumuua si umuue mwenyewe. Mimi nimeongea na yeye jana."

Shangazi, tangu hapo situlii. Nainuka, naketi, nainuka tena, chai ya wateja nimetia chumvi, nikifunga macho kuomba sijui nimtaje Absalom pamoja na walio hai ama na waliolala. Sisi Quaker hatuapi hata kortini, neno letu linatosha, sasa langu limekuwa hivi. Nikisema ukweli naogopa watakasirika na daraja life, na mvua ikija mtoto wa mtu ateleze pale kwa gogo, nikinyamaza nitasimama na ua mkononi nikimlilia mtu ambaye saa hiyo anakula ugali Chwele. Nimewaza nizime simu, nijifanye mgonjwa, niende kwa dada yangu anayeishi kule Kwanza mpaka karamu ipite. Nifanye nini?

Ni mimi asiyetulia,
Tuwan.

*

Shangazi anajibu:

Mama, pole. Nilipofika mahali mzee anatoa kofia nilicheka, Mungu anisamehe, halafu nikafika kwa shairi na kicheko kikaisha.

Siku ya kwanza hukudanganya. Ulisema neno la kawaida mbele ya mtu ambaye akili yake yote iko mtoni. Lakini siku uliyoelewa wamesikia nini, na ukameza mate, hapo ulianza kudanganya, na hakuna haja tuzunguke. Na ulipomwambia msichana wako akariri kifo cha baba yake aliye hai, hapo nakugombeza kabisa. Mtoto ndiye amekuwa mama katika nyumba hiyo. Muombe msamaha leo, na hilo shairi lirudi lilikotoka.

Unasema unaogopea daraja. Siamini sana. Umeandika mwenyewe: aliyeachwa anaulizwa alimfanya nini, aliyefiwa analetewa kiti. Unaogopea kiti, mama. Nakuelewa. Nimepokea barua nyingi za wanawake walioachwa, na karibu wote wangependa kufiwa, wapate angalau mtu wa kuwapikia uji. Watu wetu wamekosea hapo na watajibu mbele za Mungu. Lakini kiti ulichopewa kwa kifo cha mtu anayeuza kuku sokoni hutakikalia muda mrefu. Watu wa Kitale hawanunui kuku Chwele?

Na daraja lisikuhangaishe. Linajengwa kwa ajili ya watoto wanaovuka, na hao wapo, na gogo lipo. Mzee Hiram atasaga meno, labda atakasirika, na ana haki. Wengine watakuita mwongo. Vumilia, ni sehemu ya dawa. Lakini wakisikia ukweli Jumamosi, ua likiwa mkononi mwako na wageni wamesimama kimya, hapo ndipo utaliua hilo daraja kweli. Na huko Kwanza kwa dada yako usiende. Ukikimbilia huko watamlilia Absalom bila wewe, na utarudi ukiwa mjane zaidi.

Kwa hivyo fanya hivi. Usimpigie Mzee Hiram simu, usimtume mtu. Nenda nyumbani kwake leo, maana barua yako nimeisoma hewani hapa redioni asubuhi hii, majina umeyageuza lakini ni nani mwingine anawauzia wavuvi chai pale mtoni? Nenda na kadi yake, umrudishie kwa mikono miwili kama alivyokupa. Mwambie wafute jina la marehemu. Mwambie kibanda wakitaka wachukue. Akikwambia uje karamuni hata hivyo, nenda, na ukipewa nafasi ya kusema, waeleze kuhusu gogo na watoto unaowaona wakivuka, hayo unayajua na ni kweli. Absalom naye akija kuona sherehe yake, anunue tiketi kama watu wengine.

Lakini kabla ya hayo yote kuna sentensi moja, na najua ndiyo inayokuinua kitini. Umeikwepa barua nzima. Ulisema alitoka, ulisema hakurudi, ulisema watu wakiachwa, hukuwahi kusema wewe uliachwa. Ukifika mlangoni kwa mzee, hata kabla hujaketi, sema: "Hakufa. Aliniacha."

Kisha unyamaze. Usiongeze "lakini."